Viatu vya Breki na Salamu za Nyakitonto

Mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kwenye harusi ya mjukuu wa Athumani, na gari la mjukuu wangu Method lililia njia nzima kutoka Kibondo. Kila alipokanyaga breki lilitoa sauti ya sufuria inayokwanguliwa ukoko, nami nikawa nacheka peke yangu kwenye kiti cha mbele mpaka akaudhika. Alikuwa amefunga pedi mpya juzijuzi tu, akasema, na aliyemuuzia alimwapia kwamba zingedumu miaka. Tulipofika Kasulu hakunipeleka hata kwa wenye harusi, alikwenda moja kwa moja gereji. Fundi akafungua gurudumu, akatoa kitu chembamba kama biskuti, akasema hapa hakuna pedi tena, kaka. Method akaja juu. Alisema ametapeliwa, ameuziwa bandia, atarudi kumtafuta yule mtu. Nikamuuliza taratibu: wewe si ndiye unayebeba abiria wa sokoni pale Kibondo, unasimama kila mlango, na magunia juu? Akasema ndiyo, Bibi, lakini hiyo inahusiana nini na pedi? Nikamwambia alipe twende, maana kuna mambo ukianza kuyaeleza gereji hutafika kwenye pilau.

Athumani alikuwa amekaa mbele ya turubai, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya bulibuli, fimbo katikati ya magoti. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini aliijua sauti yangu nilipokuwa bado nasalimiana na wanawake wa jikoni. Hakungoja nimfikie. Aliita kwa sauti ileile ya zamani, mbele ya maulamaa na wakwe zake wote: "Skola, viatu vyako bado vina nyama?" Watu wakaniangalia miguuni. Mimi nilicheka hadi nikashika nguzo ya turubai, naye akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na bibi harusi mwenyewe akatuma mtu aje kuuliza wazee wale wamepatwa na nini. Tulikaa pamoja mchana kutwa. Nilikula pilau sahani mbili, na yote tuliyoongea yalikuwa ya mwaka mmoja tu.

Mwaka wenyewe ni ule wa miaka ya sabini watu walipohamishwa kutoka milimani na kupangwa kwenye vijiji vipya kandokando ya barabara. Mimi nilikuwa na umri wa kuolewa na sikuwa na haja ya kuolewa. Nilikuwa na haja ya kuendesha lori. Nilijifunza kambini, kwenye mafunzo ya vijana, na nikarudi Kasulu na leseni ya magari makubwa niliyoifunga kwenye leso kama wenzangu walivyofunga vipuli vyao. Chama cha ushirika kilinichukua kwa sababu dereva wao mmoja alikuwa ameacha kazi na magunia ya kahawa yalikuwa yamefika darini. Sijui niseme nini juu ya furaha ile. Unapanda, unavuta mlango, kiti kinakupokea kwa harufu ya dizeli na magunia na mafuta ya mawese yaliyomwagika safari za nyuma, unawasha, na kitu kizima kile kikubwa kinatetemeka kikikungoja wewe, mtoto wa kike mwenye kitenge kiunoni. Nilikuwa naimba kabla sijatoka getini. Mpaka leo nikisikia lori linaunguruma asubuhi nageuza shingo, na watoto wangu wananicheka.

Msimamizi wa karakana alikuwa mzee Zakaria, fundi mnene aliyeongea kidogo na kukohoa sana. Asubuhi moja alituita, mimi na Athumani, ambaye alikuwa dereva wa lori la pili, kijana wa ukoo wa wenye maduka, mtanashati, kitana mfukoni. Zakaria alikuwa ameweka juu ya meza ya mbao viatu vya breki. Kwa asiyejua, lori la zamani lile lilisimama kwa vipande viwili vya chuma vilivyopindwa kama mwezi mchanga, vimevalishwa bitana ngumu kwa nje na kukazwa kwa ribiti, zile misumari fupi butu za kushikiza. Ukikanyaga breki vinatanuka ndani ya gurudumu na kulibana. Kila ukibana, bitana inalika kidogo. Ikilika mpaka ribiti zikatokeza, chuma kinakwangua chuma, na hapo huna breki, una kelele. Zakaria alikohoa, akasema hivi ndivyo viatu vya mwisho stoo, lori moja seti moja, na vipuri vingine havijulikani vitakuja lini kwa sababu nchi nzima inalilia vipuri. Lori litakalomaliza viatu vyake kwanza litapandishwa juu ya mawe. Dereva wake atakwenda bohari, kupima kahawa kwenye mzani.

Athumani alicheka, lakini mimi nilianza kupiga hesabu. Yeye akishushwa kwenye lori atabaki kuwa dereva anayengoja gari. Mimi nikishushwa, hakuna mtu pale Kasulu ambaye angenipandisha tena. Wangesema tulijaribu, tukaona. Ule mzani niliufahamu, ulikuwa kwenye kona yenye giza, na msichana aliyekuwa anakaa hapo alikuwa amezeeka na vumbi la maganda. Basi nilisimama pale nikiangalia bitana mpya, nyeusi, nene, nikaapa moyoni kwamba zangu zitakuwa za mwisho kulika katika mkoa mzima.

Zakaria alitugawia njia, na nadhani alitaka kunihurumia. Athumani alipewa Buhigwe, milima na kona na ukungu, barabara inayoshuka mpaka masikio yanaziba. Mimi nikapewa Kibondo. Ni mbali, lakini barabara ya Kibondo haina makuu, inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapita msituni na kuvuka mto. Kila mtu karakana alijua milima inakula breki. Athumani alilalamika kwamba amepewa Buhigwe kwa sababu ana ndevu, kama angejua angenyoa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma. Kila mwisho wa mwezi Zakaria alikuwa afungue magurudumu na kupima unene wa bitana kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka kwenye kichwa cha ribiti hadi juu. Hakuwa na kipimo kingine na hatukuwahi kukibishia.

Kibondo nililala kwa Mama Aziza, mke wa mwenye duka, mama mmoja mpana mwenye asili ya pwani ambaye aliniambia siku ya kwanza kwamba dereva au si dereva, mtoto wa kike halali kwenye gari. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, kati ya magunia ya chumvi na marobota ya kanga, na kanga mpya zina harufu yake, nzuri kidogo na kali kidogo, ambayo hadi leo inanipa njaa. Maana jikoni kulikuwa hatua chache. Mama Aziza alikaanga migebuka ya ziwani, iliyotoka Kigoma imetiwa chumvi, akaipika kwa nazi aliyotumiwa na watu wake wa pwani, na siku asiyokuwa na nazi alitia mawese na kuomba radhi kana kwamba amenikosea. Mimi niliyelelewa kwa ugali wa muhogo na maharage nilikuwa naona nimefika peponi kabla ya wakati. Ukuta wa chumba haukufika juu, ukiacha uwazi chini ya bati, na baada ya swala ya alasiri nilikuwa nasikia kila neno la wanaume waliokaa barazani kunywa kahawa. Walikuwa wananizungumza mimi. Mmoja alisema yule binti hatafika mfungo wa Ramadhani. Mwingine akasema si suala la binti, ni suala la mguu, mguu wa mwanamke mwepesi, haukanyagi breki sawasawa. Mama Aziza, ambaye naye alikuwa anasikiliza akiwa na mwiko mkononi, aliita kutoka jikoni kwamba mguu wake yeye ni mzito, anayetaka kuujaribu na aje. Barazani wakarudi kwenye kahawa yao.

Shida ilikuwa barabarani, na shida yenyewe ilikuwa nzuri. Kabla ya mwaka ule ungeweza kwenda nusu siku msituni usikutane na mtu. Sasa watu wote walikuwa wameletwa kando ya barabara, nyumba mpya zimepangwa mstari, na mbele ya kila nyumba kuna mzee amekaa anaangalia kinachopita. Kinachopita ni mimi. Na Muha, mtu wa kwetu, hapiti mbele ya mtu mzima bila kumsalimu, wala salamu ya Kiha si ya kutupia dirishani. Unasimama. Unashuka. Unapiga magoti kidogo, unapiga makofi taratibu, unasema mwakeye kama ni asubuhi au mwidiwe kama jua limegeuka, naye anaitikia, mnaulizana watoto, mnaulizana mbuzi, mnaulizana mvua, mnamaliza kwa amahoro, yaani amani, unapanda lori. Unaingiza gia, unaanza kukolea mwendo, na hapo mbele kuna bibi mwingine ameshasimama, ameshajifunga vizuri, anakungoja. Nikimpita mmoja habari ingefika kwa mama yangu kabla yangu: Skola amepata gari, hatujui tena. Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga. Lori limejaa kahawa na watu juu ya kahawa, lina mwendo, na mimi nakanyaga. Utingo wangu, Barnaba, mtu mzima mwenye familia, alikuwa anaruka na gogo la kuwekea tairi kabla hatujasimama vizuri, akisalimu huku anakimbia.

Bibi Keza wa Nyakitonto ndiye aliyenishinda kabisa. Alikuwa mdogo kwa umbo, meno machache, ameletwa pale kutoka mlimani kwake akiwa mzee, na majirani zake wa zamani walikuwa wamepangwa kijiji kingine. Alikaa kwenye kigoda bondeni, mahali barabara inapomaliza mteremko mrefu na kunyooka, yaani mahali lori lina kasi kuliko popote. Na mteremko ule nilikuwa nashuka bila gia. Dizeli ilikuwa ya shida, na nilikuwa najisifu kwamba naacha lori litelemke lenyewe, injini imepumzika, upepo unaingia dirishani, mimi naimba. Halafu chini kabisa, Bibi Keza. Nilikuwa nakanyaga breki mpaka naona moshi kwenye kioo, nashuka, napiga magoti, naye ananishika mikono miwili anauliza habari za mama yangu ambaye hajapata kumwona. Kila mara alinipa ndizi mbivu moja, ameifuta kwa kitenge. Mara nyingine najiuliza kama niliwahi kula tunda tamu kuliko zile.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Zakaria alipima kwa ukucha, akakohoa, akarudishia gurudumu. Mwisho wa mwezi wa pili alipima langu, akapima la Athumani, akarudi kupima langu tena. Bitana za Athumani, za milima ya Buhigwe, zilikuwa nene. Zangu, za barabara isiyo na makuu, zilikuwa zinaelekea kwenye ribiti. Nilimwambia Zakaria amenifunga viatu vibovu. Alinionyesha vyote viwili, ni vilevile, boksi moja. Nikasema basi Athumani ameniroga, na Athumani akasema hana haja ya kuroga mtu, yeye ni mzuri tu. Nilimrushia kitambaa cha grisi. Lakini nilipotoka nje nilikaa nyuma ya tangi la maji nikalia, na nilipomaliza kulia niliuona ule mzani wa bohari kupitia mlango uliokuwa wazi, na bakuli lake la shaba linaning'inia linangoja.

Nikafanya anachofanya kila mwoga, nikaacha kusalimu. Safari iliyofuata nilifumba moyo. Nilipiga honi, nilitoa mkono dirishani, nikapita. Nyakitonto niliteremka kama kawaida, na bondeni nikamwona Bibi Keza amesimama, mikono imeshakutana kwa makofi ya kwanza, ndizi imeshawekwa juu ya kigoda. Sikukanyaga. Vumbi likamfunika. Barnaba hakuniangalia mpaka tulipofika mtoni. Na tuliporudi kutoka Kibondo, kijiji kizima kilitupa mgongo. Si maneno ya kuongezea chumvi. Walisikia lori linakuja, wakasimama mbele ya nyumba zao kama siku zote, wanawake, wanaume, hata watoto, kisha wakageuka wote wakaangalia migomba. Niliendesha katikati ya migongo ile kwa mwendo wa kutembea, uso unaniwaka, na hakuna lawama niliyowahi kupewa kwa maneno iliyofikia ile. Kigoda cha Bibi Keza kilikuwa kitupu.

Athumani aliyaona machozi yangu au alisimuliwa na Barnaba, sijui. Juma lile lori lake lilikuwa limepasuka tairi na linangoja kuzibwa, akasema atakwenda nami Kibondo kununua viungo vya dada zake. Niliona wazi anakuja kuangalia ninavyoshindwa. Alikaa pembeni yangu, kitana mfukoni, akiangalia barabara mpaka kwenye mteremko wa Nyakitonto nilipotoa gia. Akapiga kelele ndogo ya mtu aliyeona nyoka. Akaniuliza nani amenifundisha kushuka hivyo, nikasema naokoa dizeli. Alicheka mpaka akashika dashibodi. Alisema Buhigwe yeye anashuka kwa gia ileile anayopandia, injini inanung'unika lakini ndiyo inayolishikilia lori, mguu wake anauweka juu ya breki pale tu pa kusimama kabisa. Mlima mzima anashuka kana kwamba anamsindikiza mgonjwa. Ndiyo maana viatu vyake vinanenepa. Mimi nilikuwa naokoa kikombe cha dizeli na kukilipia kwa bitana. Halafu akaona watu walivyotupa migongo, nikamweleza yote, na safari hii hakucheka. Alifikiri mpaka tulipokuwa tunapanda upande wa pili wa bonde, lori limeelemewa, linakwenda pole kuliko mbuzi.

"Skola," akasema, "hapa ukitaka kusimama unahitaji breki?"

Nilisikia swali lile likiingia mwilini kabla ya kichwani. Niliondoa mguu kwenye mafuta. Lori likajisimamia lenyewe juu ya kilima, bila breki, kama ng'ombe aliyechoka, na Barnaba akaweka gogo bila hata kukimbia. Tuliangaliana mimi na Athumani, tukaanza kucheka wote wawili. Huyo ndiye mtu ambaye kushindwa kwangu kungemwachia barabara zote za Kasulu peke yake. Nilimuuliza siku ile kwa nini amenisaidia, akasema akibaki peke yake atagombana na nani karakana.

Nikarudi bondeni kwa miguu. Bibi Keza alikuwa ndani, ikabidi nibishe hodi mara nyingi. Nyumba yake mpya ilikuwa bado inanuka udongo mbichi, kitanda kimoja, chungu kimoja, na ukutani alikuwa ametundika jembe la huko alikotoka. Nilipiga magoti chini kabisa, nikapiga makofi, sikusimama mpaka alipoitikia, na hakuitikia upesi. Nilimweleza kwa Kiha kama nilivyoweza: kwamba lori lina viatu, viatu vinalika kila nikisimama ghafla, vikiisha nitakaa bohari na hataniona tena, na kwamba kule juu lori linachoka lenyewe. Nilijua namwomba mzee ahamie mahali kwa ajili ya kijana, kitu kisichoombwa. Alinisikiliza akiangalia mikono yake.

"Hapa nilipoletwa simjui mtu, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu. "Wewe ndiwe jirani yangu, ingawa una magurudumu. Kama gari haliwezi kunisimamia, basi mimi nitalifuata linakochokea."

Safari iliyofuata kigoda kilikuwa kimepanda kilima. Nilimwona kutoka mbali, mdogo kama kuku juu ya kichuguu, kitenge chake chekundu kinapepea. Nilishuka mteremko kwa gia ya pili, injini inalia, nikavuka bonde, nikaanza kupanda, na lori likaenda likipungua, likipungua, hadi likafika mbele yake na pumzi ya mwisho. Tulisalimiana kila kitu. Alikuwa na ndizi, na alikuwa amefuatana na binti mwenye beseni la ndizi nyingine, kwa kuwa watu waliokaa juu ya kahawa nao wana njaa. Mara nyingine nikakuta wazee watatu. Kisha kijiji kizima cha wasalimiaji, na mama anayechemsha mahindi, na mzee wa asali. Nilipoona hivyo nikawaeleza wa vijiji vingine, na kila kijiji kikajichagulia mwinuko wake. Kukawa na maringo kabisa, wa Kagerankanda, waliokuwa wakija mpaka barabarani kupanda lori, walidai mwinuko wao ni mkali zaidi, lori linachoka vizuri kuliko kwa wenzao. Mama Aziza alipopata habari aliwaambia wanaume wa barazani kwamba mguu mwepesi ndio unaotakiwa, na siku ile alipika kwa nazi mbili.

Viatu vyangu havikunenepa, bitana haioti tena. Lakini viliacha kupungua. Mvua zilikuja, na tope lile jekundu likiingia gurudumuni linasugua kama mchanga wa kuoshea masufuria, hivyo Barnaba na mimi tulikuwa tunayaosha magurudumu mtoni kila tukivuka, tunaimba, watu wakidhani tumefilisika akili. Zakaria alipima mwezi baada ya mwezi, akakohoa, na ukucha wake ukawa unakaa palepale. Athumani naye alianza kuwa na wasiwasi, kwa sababu tope la Buhigwe halina mzaha. Mwishowe bitana zetu zote zilibaki unene wa ganda la karanga, hakuna aliyethubutu kusema lori la nani litatangulia, na tulikuwa tunaendesha kana kwamba tumebeba mayai. Siku viatu vipya vilipofika, boksi limefungwa kwa kamba, hakuna lori lililokuwa limepanda mawe. Zakaria alivua viatu vyangu, akavitazama pande zote, akaniita kwa jina langu zima, Skolastika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akaniambia nikavitundike ukutani. Athumani aliomba vyake navyo vitundikwe. Nilikuwa na furaha nikashindwa kukaa chini, nilizunguka karakana nzima nikiwashika mikono watu wenye grisi.

Niliendesha lori miaka mingi baada ya hapo, nikaolewa nikiwa barabarani, nikapata watoto. Bibi Keza alifariki wakati mtoto wangu wa kwanza anaanza kutambaa, na waliniita mimi mazikoni kama jirani.

Harusi ilipokwisha tuliondoka asubuhi, mimi na Method, na Athumani akaja kunisindikiza mpaka mlangoni mwa gari, akapapasa tairi kwa fimbo na kuuliza nani anaendesha, mtoto anajua kushuka kwa gia? Pedi zilikuwa mpya, gari halilii tena, na Method alikuwa na raha. Barabara siku hizi ni lami, unashuka Nyakitonto na kupanda bila kusikia umeshuka au umepanda, gari dogo halichoki. Lakini juu ya kile kilima kuna soko. Kuna vibanda vya chipsi, mabasi yanasimama, pikipiki zimejipanga, na Method aliniambia, akionyesha kwa kidevu, kwamba hajapata kuona stendi iliyowekwa mahali pa kijinga kama ile, juu ya mwinuko, wakati bondeni pale kuna tambarare nzuri. Sikuwa nimemsimulia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ndipo nikamwona mama mmoja mzee, simjui, amekaa kwenye kigoda nyuma ya beseni la ndizi, ameliona gari, ameona kichwa cheupe kwenye kiti cha mbele, na mikono yake imeanza kukutana taratibu.

"Simama," nikamwambia Method.

"Bibi, tukisimama kwa kila mtu hizi nazo zitaisha."

"Kanyaga, mjukuu wangu. Ndiyo kazi yake."

Akakanyaga. Gari likasimama bila kulia, nami nikafungua mlango, nikaanza kushuka taratibu kwa ajili ya magoti, na yule mama akaningoja.